Mjomba Mkunjo na Mkono Usiosikia Moto

Kiharusi kilimkuta mjomba wangu ameshika pasi, yuko katikati ya shati la mlinzi wa benki. Kabla hajaanguka aliisimamisha pasi kwa kitako chake, mbali na nguo, ndipo akaenda chini. Sitii chumvi. Mlinzi mwenyewe alikuwa amekaa pale mlangoni anasubiri shati lake. Anasema alisikia kishindo, akageuka, akakuta mtu yuko sakafuni na shati liko salama. Tangu siku hiyo akiniona barabarani lazima aseme, "Wewe binti, mjomba wako ni kiboko. Mtu anaanguka, bado anakumbuka nguo ya mteja."

Mtaani anaitwa Mkunjo. Ni kwa sababu ya suruali. Mkunjo wake wa mbele unashuka kutoka kiunoni mpaka kwenye kiatu bila kuyumba, na ukiivaa suruali Jumatatu, Alhamisi bado upo. Kazi hiyo ya udobi ameifanya miaka ishirini na sita kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ya pasi dirishani, kamba ya kutundikia juu, kitanda nyuma ya pazia. Mke aliwahi kuwa naye, akaondoka. Ukimuuliza anakwambia, "Aliondoka amenyooshwa vizuri," halafu anarudi kwenye kola yake. Mtoto hana. Ana pasi mbili, redio moja, na mimi mpwa wake, niliyenyooshewa naye sare tangu darasa la kwanza mpaka namaliza shule. Darasani waliniita Kadi ya Mwaliko. Nimeshasamehe.

Hospitali alikaa siku tisa, kisha akaletwa kwetu. Kochi la watu watatu likawa la mtu mmoja. Mama yangu ndiye dada yake mkubwa, na kabla ya kustaafu alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Amestaafu umatroni, ila umatroni haujamstaafu yeye. Asubuhi ya kwanza aligawa majukumu: yeye atamlisha na kumwogesha, mimi nitamvalisha na kumpeleka chooni mpaka mlangoni. Nilipouliza kwa nini mimi, akasema, "Wewe si upo tu na simu yako?" Uteuzi bila usaili.

Mguu wa kushoto ulianza kurudi taratibu. Mkono wa kushoto nao ulirudi, lakini ulirudi mtupu. Uliinuka, ulikunja ngumi, ulishika kikombe endapo macho yameutazama. Ila haukusikia kitu. Ganzi kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kucha.

Na sidhani ilikuwa mkono tu. Mlinzi alikuja kumwona, akaleta machungwa na habari kwamba fundi saa wa chumba cha pili, rafiki wa mjomba wa miaka kumi na tano, amehama mji. Mjomba akasema, "Sawa." Mama akimuuliza uji au chai, sawa. Taarifa ya habari au mpira, sawa. Tungemwambia nyumba inaungua angesema sawa na kuuliza kama avae viatu.

Mimi pia sijui nilikuwa wapi miezi ile. Nilikuwa nafanya vitu tu. Namfunga vifungo vya shati, vinne, vitano, sita, namchana nywele, naanika taulo. Marafiki wakiandika "Mjomba anaendeleaje?" natuma stika ya kidole gumba. Nilisubiri siku nitakayolia, nikaitengea hata muda, Jumapili mchana Mama akiwa hayupo. Nikakaa kitandani nikangoja. Haikuja. Nikaenda kuosha vyombo.

Wiki ya tatu hospitali ikamtuma dada mmoja mwembamba mwenye begi la mgongoni. Ndani ya begi kulikuwa na ubao ulioshonewa vifungo vya kila aina, vikubwa vya koti mpaka vile vidogo vya shati la mtoto. Hapohapo nikambatiza Vifungo. Alikaa, akatutazama, akaanza.

"Shati hili leo nani amemvalisha?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Mimi."

"Chai nani amemnywesha?"

"Mimi," Mama akasema, na kifua mbele.

"Kucha nani amemkata?"

"Mimi huyohuyo."

"Na yeye amefanya nini?"

Tukatazamana. Mama akafikiri kwa uaminifu kabisa, akajibu, "Amemeza."

Kutoka kwenye kochi ikatoka sauti ndogo ya puani. Mjomba amecheka. Mara ya kwanza tangu aanguke, na ikaisha hapohapo, kama kupiga chafya.

"Daktari," Mama akasema, "huyu ni mgonjwa."

"Mimi si daktari, mama. Na si yule wa kunyoosha viungo, yule ana siku zake. Yeye anahangaika na misuli. Mimi nahangaika na siku ya mtu. Anaamka vipi, anaoga vipi, anavaa vipi, anashika nini kazini. Akikwama mahali tunatafuta njia ya kupita. Sasa mkimfanyia kila kitu, mimi sioni anapokwama, na mkono wenyewe unasahau kwamba una kazi."

Akamwambia mjomba afumbe macho. Akachukua kifuniko cha kalamu, akamgusa kidole cha kushoto.

"Nimekugusa, mzee?"

"Bado."

Akagusa kiganja. "Na sasa?"

"Bado."

Nilihesabu. Alimgusa mara kumi na moja, na mara zote mjomba, macho amefumba, alikuwa anangoja tuanze.

Baadaye Mama aliniuliza pembeni ile maana yake nini. Nikamweleza kwa lugha ninayoijua: mkono unatuma ujumbe, lakini huko kichwani umekwama kwenye tiki moja. Haujafika.

"Bando limeisha?"

"Kama hivyo."

Mjomba kumbe anasikia. "Simu ya huku ndiyo imezimwa," akasema, akageukia ukuta.

Basi nyumba ikapata sheria mpya. Asisaidiwe mpaka aombe. Shati aanze na mkono ule mbovu, ndipo mzima ufuate. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko cha kulia, kamwe si kwa kushoto. Chini ya sahani liwekwe kitambaa kibichi ili isitembee mezani. Na kila mkono wa kushoto unapofanya kitu, jicho liwe juu yake, kwa sababu jicho ndilo litafanya kazi ya ngozi. Siku ya kwanza vifungo sita vilimchukua dakika ishirini na mbili. Mama alishindwa kuvumilia, akatoka kwenda kupiga deki uani. Uani kwetu ni mchanga.

Halafu kutembea, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Wiki ya pili mpaka duka la rangi. Mimi nilikuwa mhesabu hatua wake rasmi, simu mkononi.

"Mjomba, leo mia nne na kumi. Jana mia nne na tisa. Rekodi hiyo!"

"Umehesabu na ile niliyojikwaa?"

"Hiyo ni bonasi."

Hakucheka. Akapumzika kwenye ngazi za duka la rangi, akatazama magari, akasema twende. Tukaenda. Watu walimsalimia, akaitikia. Siku zilipita hivyo, moja juu ya nyingine, kama nguo zilizokunjwa za mtu usiyemjua.

Wiki ya saba Vifungo alifunga begi lake, akalifungua tena. "Mzee, sijawahi kukuuliza. Unataka nini? Nauliza wewe, mama asijibu."

Mama akafunga mdomo. Mjomba akaitazama televisheni iliyozimwa.

"Nataka kulala kwangu. Niamke niwashe pasi."

"Kwani hapa unalala kwa nani?" Mama akadakia.

"Kwako, dada."

"Na kwangu si kwako?"

"Kwako ni kwako."

Mama akageukia upande wa Vifungo. "Mwanangu, mtu hasikii moto, unampa moto?"

Mimi mwenyewe, mwenye jibu la kila kitu mtandaoni, nilitazama kucha zangu. Vifungo akasema basi ajaribiwe. Palepale kwake, kwenye meza yake, shati moja na suruali moja, tangu kuwasha pasi mpaka kutundika. Asipoumia, anarudi kwake.

"Na akiumia?" Mama akauliza. Alijibu mwenyewe. "Akiumia, meza ile inatoka, chumba kinarudi kwa mwenye nyumba, anakaa hapa, na sitaki kusikia neno."

Vifungo akamtazama mjomba. Mimi nikamtazama mjomba.

"Sawa," akasema.

Mazoezi yalifanyika juu ya meza yetu ya chakula, wiki tatu, kwa pasi baridi. Pasi yenye moto Mama aliikataa isivuke kizingiti chake. Vifungo alimwambia mjomba ataje kazi yake hatua kwa hatua, mimi niandike kwenye simu. Zikatoka kumi na nne. Kola kwanza, kuanzia ncha kuja kati. Bega. Mikono. Mgongo. Maji yanyunyizwe lini, suruali ishikwe wapi ili mishono minne ilaliane. Alizitaja kwa sauti ileile ya taarifa ya hali ya hewa.

"Kuna nyingine?"

"Hakuna."

Wakatafuta dawa ya kila hatua. Mahali mkono wa kushoto ulipokuwa unavuta nguo, sasa kitawekwa kifuko cha mchanga kikandamize. Mkono wenyewe ukae nyuma ya pasi, usitangulie mbele yake hata siku moja, na ili jicho lisiusahau tukauvisha soksi yangu nyekundu iliyokatwa ncha, vidole vinatokeza. Alifanana na mchezaji wa timu isiyo na pesa ya glovu. Nilimwambia. Akasema timu hiyo ipo nyumbani kwetu.

Alinyoosha kila kitu. Mapazia, taulo za vyombo, mpaka jinzi zangu, sijui pasi baridi aliikandamiza vipi maana zilitoka na mkunjo. Jinzi! Nikazivaa, nikapiga picha, nikaitupa kwenye kundi la marafiki. Mmoja akauliza kama nimeajiriwa serikalini. Mwingine akasema magoti yangu yanaweza kukata keki. Nikampa mjomba asome. Alisoma zote, akarudi kwenye picha, akaikuza kwa vidole.

"Mguu wa kushoto umepinda. Vua."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alitembea kutoka kwetu mpaka kwake kwa miguu yake, hatua elfu moja mia moja na arobaini, akapumzika mara mbili. Chumba kilikuwa na vumbi la wiki kumi na harufu ya wanga wa nguo. Mama akafungua dirisha. Mlinzi alikuwa ametoka zamu, ameleta shati na suruali ya kazi kwa ajili ya mtihani.

"Fanya haraka, Mkunjo. Tangu uanguke nimekuwa kama bahasha iliyopita posta tatu. Bosi ananitazama anataka kunibandika stempu."

Mjomba akavaa soksi nyekundu. Akachomeka pasi, akatandaza shati, akaweka kifuko cha mchanga kwenye ncha ya kola, akanyunyiza maji kwa mkono wa kulia. Vifungo amesimama na daftari. Mama amesimama na mikono kiunoni. Mimi narekodi.

Mkono wa kulia ukainua pasi, ukaigeuza uso juu. Na mkono wa kushoto ukainuka wenyewe. Kidole cha shahada kikaugusa uso wa pasi, tap. Kikagusa tena. Halafu kikatulia pale.

"Bado," mjomba akasema, kama mtu anayetazama kama basi linakuja.

Kwenye video ni sekunde mbili na nusu. Harufu ilitufikia kabla ya akili. Vifungo alimshika kiwiko, akauvuta mkono, akauzamisha kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia. "Hapo hapo, mzee. Dakika ishirini, usiutoe."

Mjomba akakitazama kidole ndani ya maji kama kidole cha mteja. "Kimefanya nini?"

"Kwa nini umegusa pasi?"

"Sijagusa."

Nikamwonyesha. Aliitazama mara mbili. Mara ya pili akasogeza uso karibu na kioo.

"Ah," akasema. "Hiyo."

Ikabidi atueleze. Madobi wengine hupima pasi kwa mate: unalowesha kidole, unagonga, unasikia inavyolia. Yeye, aliyemfundisha kazi alimkataza. Mate, kwenye kitu kinachokwenda kulala kwenye shingo ya mtu! Kwa hiyo yeye hugusa kwa kidole kikavu, haraka, na kidole kinamwambia: hii ya pamba, hii ya hariri, hii ngoja kwanza. Siku nzima, nguo hamsini, miaka ishirini na sita. Kwenye zile hatua kumi na nne hakuitaja kwa sababu kwake haikuwa hatua. Nani anataja kupepesa macho? Na wiki tatu tumefanya mazoezi kwa pasi baridi, ambayo haina cha kuulizwa.

Vifungo alikuwa ameishika kalamu bila kuandika. "Hili ni langu," akasema. "Ningekuuliza unajuaje kwamba imepata moto. Sikuuliza."

"Andika, mwanangu, andika yote," Mama akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ile ya kufunga bweni. "Meza inatoka Jumamosi."

Mlinzi akakunja shati lake akalitia kwapani. "Basi mimi nitavaa hivi hivi," akasema. Alitaka iwe utani. Ukaanguka pale katikati ya chumba, hakuna aliyeuokota.

Sikulia hata hapo. Nilimshikia ndoo.

Ijumaa Vifungo alikuja kubadilisha kitambaa cha kidole, na begini alikuwa na chupa ndogo ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko. Tone la maji badala ya kidole. Akamwambia Mama angependa kumfundisha mzee kukaanga yai. Mama akasema sawa, yai halina ubaya, akaenda zake dukani.

Hilo lilikuwa somo la pasi, ila pasi yenyewe ilikuwa kikaango. Kabla mkono wa kulia haujagusa kitu chochote cha moto, wa kushoto unaingia mfukoni. Kwanza mfuko. Ndipo chupa, ndipo tone. Tone likikaa kimya, baridi. Likichemka palepale likaisha, ya pamba hiyo. Likikimbia kama shanga, zima, umezidisha. Mjomba alirudia, na kila mara wa kushoto ukianza kuinuka Vifungo anasema "Mfuko," mpaka ikafika mahali anajisemea mwenyewe. Aliendelea jioni ile na mimi nikiwa refa. Tulikula mayai kumi na mawili. Mama alirudi akauliza trei imepatwa na nini, nikamwambia mjomba ana hamu.

Kabla ya kuondoka Vifungo aliacha karatasi mezani. Ilisema anaweza kuishi kwake: anavaa mwenyewe, anaoga, anapika kidogo, anakumbuka dawa za presha, anatembea umbali unaotosha. Moto apime kwa maji. Mtu apite mara moja kwa siku atazame ngozi ya mkono ule. Chini akaandika kwamba mwenye uamuzi ni mwenyewe.

Mama akaisoma kwa miwani, mpaka nukta ya mwisho. Akaiweka chini ya televisheni.

"Tulikubaliana," akasema. "Na aliumia." Hapo alikuwa sahihi. Mwenye mkokoteni alishaagizwa aje saa tatu.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuta kochi tupu. Shuka limekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe. Dawa hazipo, viatu havipo. Komeo letu la mlango linataka mikono miwili: mmoja uvute mlango, mwingine usukume chuma. Lilikuwa limefunguliwa na mlango umerudishiwa vizuri.

Mama alitazama chooni, akatazama uani, akarudi akakaa kwenye kochi. Hakupiga kelele. Akapitisha kiganja juu ya shuka lile.

"Nenda," akaniambia. "Mimi namngoja mtu wa mkokoteni."

Nilitembea haraka, lakini sikukimbia. Sijui kwa nini sikukimbia. Mlango wake ulikuwa umefungwa na nje ilisikika harufu ya kitambaa cha moto, ile nzuri.

"Hodi!"

"Sukuma. Siwezi kuja, pasi iko juu."

Alikuwa ananyoosha foronya yake. Amewasha redio kwa sauti ndogo. Wa kushoto uko mfukoni.

"Mjomba, ndiyo nini hii? Kwa nini hukuaga?"

"Ningeaga mngenibebea begi."

Nikakaa kitandani. Alimaliza foronya, akauvisha mto kwa kuubana na kidevu, akashindwa, akarudia, akaweza. Nilikalia mikono yangu.

Saa tatu na nusu Mama akafika na mwenye mkokoteni. Kijana wa watu akachungulia. "Meza ndiyo hiyo?"

"Dada," mjomba akasema, hajageuka, "ukiitoa meza nitapiga pasi sakafuni. Nikipiga sakafuni nitainama. Nikiinama sana nitaanguka. Unajua ninavyoanguka."

"Tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi watatu. Mimi nilikuwa kwenye kochi."

Mama akakitazama kidole kilichofungwa kitambaa, ncha yake inachungulia mfukoni. "Nionyeshe," akasema.

Akamwonyesha. Mfuko, chupa, tone. Tone likachemka likaisha. Akatandaza shuka, pasi ikaenda, ikarudi, na wa kushoto haukutoka. Upande mmoja wa shuka ukateleza ukaanza kuanguka, Mama akanyoosha mkono kuudaka.

"Acha," mjomba akasema.

Shuka likaanguka chini. Sote wanne tukalitazama. Mjomba akaishusha pasi, akainama taratibu ameshika meza, akaliokota, akalikung'uta.

"Mama," mwenye mkokoteni akasema, "mimi nabeba nini?"

"Hakuna," Mama akasema. "Nenda tu."

Ningependa kuwaambia kwamba moyo ulinijaa. Nilisikia njaa. Mama alikaa mpaka mchana, akaondoka, na mlangoni akanipa jukumu jipya, kama kawaida bila usaili: kila siku saa kumi na moja jioni nipite nimkague vidole.

Ndiyo kazi yangu mpaka sasa. Mjomba anaweka kiganja mezani, nageuza mbele na nyuma, nahesabu vitano, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha. Wateja wamerudi, zaidi kidogo ya nusu. Mlinzi anadai amepandishwa cheo na sababu ni suruali. Nguo kumi na mbili kwa siku, kisha mjomba anapumzika, anatembea mpaka kona na kurudi, anapika, analala kwake.

Wiki iliyopita nilikuta alama nyekundu upande wa kidole gumba cha kushoto, ndefu kama ukingo wa sufuria.

"Hii ya lini?"

Akakisogeza dirishani akatazama. "Sijui. Jana? Nilichemsha maharage jana."

"Nimwambie Mama?"

Akakiweka kwenye maji, akakaa nacho muda wake wote huku redio inaongea, akakikausha, akakifunga kitambaa kwa mkono mmoja na meno. Kisha ule wa kushoto ukaingia mfukoni, akachukua chupa, akaendelea na kola.